Ya Baridi au ya Moto?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, wakaishia hapo. Hawakusema mke wa kinyozi huwa anaishi vipi. Mimi naweza kumalizia, maana nyumba yangu na ya Fundi Baridi zinagawana ukuta mmoja, na aliyeujenga alibania saruji. Cherehani yangu iko upande huu, jiko lao liko upande ule, na nikiacha kukanyaga pedali nasikia hata sukari ikimiminwa kwenye kikombe. Kuna watu wananiita mbea. Mbea ni yule anayetoka kwenda kutafuta maneno. Mimi nimekaa kwangu nashona, yananifuata.

Fundi Baridi anatengeneza friji na friza. Ukimwita, haji na kuanza kufungua skrubu kama mafundi wa haraka haraka. Kwanza anaomba watu wanyamaze. Kisha anaegemeza sikio mgongoni mwa friji, anafumba macho, na anakaa hivyo mpaka mwenye nyumba anaanza kuona aibu bila kujua kosa lake. Halafu anatoa hukumu. "Huyu anapumua kwa shida." Au, "Huyu haumwi, mmembana tu na ukuta." Anatengeneza, na inapona. Hilo simnyimi. Mikono yake ni ya fundi.

Shida yake ni mlango. Baridi ana imani kwamba friza zote duniani zinauawa na watu wanaofungua mlango. Akishamaliza kazi anakata kipande cha karatasi, anaandika USIFUNGUE kwa herufi kubwa, anatia sahihi yake yenye mkia mrefu, kisha anakibandika kati ya mlango na ubavu kwa gundi anayoipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Kuanzia hapo mlango haufunguliwi mpaka yeye arudi na kisu kuikata karatasi. "Baridi ni kama kuku anayeatamia," huwaambia wateja. "Ukimchungulia chungulia, anasusa." Na watu wanamtii! Nimemwona mzee mzima, mfanyabiashara mwenye tumbo lake, amekaa sebuleni anakunywa soda ya moto huku ya baridi ikiwa nyuma ya karatasi hiyo, na hathubutu.

Sasa njoo nyumbani kwake. Friza alikuwa nayo. Mlango wake ulitoka kwenye friji ya kijani, ubavu mmoja ulikuwa mweupe, wa pili rangi ya chai ya maziwa, na miguu yake minne haikuwa ya tumbo moja. Mkewe, Mama Pacha, aliiita mke mwenza, kwa sababu ilipata muda mwingi wa mume kuliko yeye na haikuzaa chochote. Aliitumia kama kabati. Ndani aliweka vitunguu na viatu vya pacha vya utotoni. Pacha wenyewe sasa wameoa na wako mbali. Juu aliweka pasi.

Si kwamba haikuwahi kufanya kazi. Mara nyingi tu Baridi aliitia kompresa, ile mashine ya mgongoni inayoleta ubaridi, ikaanza kuguruma, na Mama Pacha akajaza maji kwenye chupa huku anaimba. Kabla hata chupa hazijashika baridi, mtu alikuja mbio: mama mwenye dawa ambazo lazima zikae penye ubaridi, au mwenye maziwa yanayoelekea kuchacha. Asubuhi Mama Pacha alikuta friza kimya na shimo mgongoni.

"Nimeiazimisha tu," alisema Baridi. "Yule mtu ana shida."

"Na mimi?"

"Wewe una mume fundi."

Jawabu hilo lilinifikia kupitia ukutani, nikakanyaga pedali kwa hasira mpaka nikashona mkono wa shati la mtu mahali pa kola. Ninachukia sana kusikia mwanamke mwenye subira akijibiwa kwa mzaha. Basi Mama Pacha akawa anagonga ukuta na kuuliza, "Jirani, una barafu?" Mimi nilikuwa nayo daima. Nilimpa kwa moyo mweupe, ingawa sitakataa kwamba nilipenda kuombwa.

Kuna jambo moja ambalo barafu yangu haikuweza kulitibu. Katika mtaa wetu mgeni akishaketi, swali la kwanza ni lile lile kila nyumba: maji ya baridi au ya moto? Ya moto si ya kuchemka, ni yale tu ambayo hayajapita kwenye friji. Ni swali dogo. Mtu analiuliza ameshageuza mgongo anaelekea jikoni. Mama Pacha hakuwahi kuliuliza. Mgeni akiketi kwake, alisema, "Karibu maji," na kuyaleta mbio mbio kabla mtu hajapata nafasi ya kuchagua.

Aliyelijua jambo hili vizuri kuliko wote alikuwa dada yake. Dada Mkubwa ni msimamizi wa jiko katika hoteli, mwanamke wa viatu vinavyolia na pochi isiyowekwa sakafuni. Alikuwa akija mara chache, na kila akija alipiga funda moja la maji, akaitazama glasi, akasema, "Kumbe bado mnakunywa ya moto. Afadhali, yanafaa kwa tumbo." Halafu anaiweka glasi mezani na hairudii tena.

Mara ya mwisho alizidisha. Alikaa pale akisimulia sharubati wanayowapa wageni wa hotelini: limau, maziwa mazito ya kopo na krimu, vinagandishwa pamoja mpaka inakuwa laini, unaianza kwa kijiko na kuimaliza kwa kunywa. Akaeleza yote, jinsi ya kukwangua ganda, jinsi ya kukoroga kila inapoanza kushika. Mwishoni akageuza shingo taratibu kuelekea kwa mke mwenza na pasi yake kichwani. "Ila hiyo inataka friza," akasema. "Friza ya kweli."

Mama Pacha alicheka. Alicheka vizuri, kama mwenye nyumba. Dada alipokwisha kuondoka, nilimsikia anaosha glasi moja, anaiosha, anaiosha tena, hata nikataka kugonga ukuta nimwambie imetakata.

Ndiyo maana habari ilipofika kwamba Dada Mkubwa anakuja Jumamosi, Mama Pacha hakuzungusha maneno. Alimngoja mumewe avue viatu.

"Baba Pacha, Jumamosi dada yangu atakunywa sharubati ya limau ndani ya nyumba hii. Na itagandia ndani ya nyumba hii, si kwa jirani."

"Jirani ana friza nzuri," alisema Baridi. "Niliitengeneza mwenyewe."

"Umenisikia. Ikishindikana, Jumapili namwita yule wa mkokoteni wa vyuma chakavu. Mke mwenza anatoka, na hatarudi hata kwa hisani ya wazee."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza Baridi alipoitazama friza ile akaona inaweza kufa. Tangu hapo hakushika kazi ya mtu mwingine. Alitafuta kompresa kwa muuza soda aliyefunga biashara, akabadilisha mpira wa mlango, akajaza gesi, akaifuta mgongo kwa kitambaa chenye sabuni kama anamwogesha mtoto. Jioni ya Alhamisi ikanguruma, na sauti ilikuwa nzuri hata mimi nisiye fundi niliielewa. Viatu vya pacha na vitunguu vikahamia chini ya kitanda.

Ijumaa wakaanza sharubati yenyewe, na hapo Baridi akafanya kosa ambalo fundi wa friji peke yake ndiye angeweza kulifanya. Kwenye kazi yake, kabla ya kujaza gesi unatoa kwanza hewa yote ndani ya bomba. Basi Mama Pacha alipotoka kidogo kununua sukari, yeye akaona maziwa nayo lazima yatolewe hewa. Akachukua maziwa yaliyotengwa kwa chai ya asubuhi, akayachemsha mpaka yakaruka, na yakiwa bado yanatokota akayamiminia maji ya malimau yote yaliyokuwa mezani.

Yakakatika palepale. Mabonge upande mmoja, maji upande mwingine, kama watu waliogombana msibani. Mama Pacha alirudi akamkuta mumewe ameinama juu ya sufuria, ameiegemezea sikio.

"Unasikiliza nini?"

"Amekufa," alisema Baridi.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Kwa upande ule hakuna aliyecheka. Baridi aliyachuja yale mabonge, akayatia chumvi, akayala yote akisema ni jibini na kwamba ni bahati yao. Kisha akatumwa malimau mengine, na aliporudi akaonyeshwa kiti na kuambiwa akae hapo, mikono mapajani.

Mama Pacha alifanya kazi yake bila kuuliza mtu. Wakati dada yake anasimulia kwa majivuno, yeye alikuwa anakariri. Alikwangua ganda la limau, ile njano ya juu tu. Ukifika kwenye weupe umejitafutia uchungu. Aliusugua mkwanguo huo na sukari kwa vidole mpaka sukari ikalowa na jikoni kukanukia hata kwangu. Akakamua, akachuja kokwa. Akafungua makopo ya maziwa mazito, akatia krimu, akatia chembe ya chumvi, na maji ya limau akayashusha mwishoni, kidogo kidogo, mkono mwingine ukikoroga. Hayakukatika. Yalizidi kuwa mazito. Akanipitishia kijiko dirishani.

"Jirani, niambie ukweli."

Nililamba. Ukali ulinishika nyuma ya taya, halafu utamu ukaja kuniomba radhi. Nilimwambia ukweli: nilikuwa sijaonja kitu kama kile maisha yangu yote, na kama angenipitishia kijiko cha pili ningekichukua kijiko na mkono wake.

Jumamosi asubuhi, Baridi aliporidhika kwamba friza imeshika ubaridi, wakaiingiza ndani kwenye sufuria pana, na chupa ya maji kando yake. Nikasikia mlango unafungwa. Nikasikia mkasi unakata karatasi. Nikaacha kukanyaga pedali.

"Unafanya nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Nabandika."

"Baba Pacha, hii inakorogwa kila inapoanza kushika. Isipokorogwa inakuwa jiwe."

"Na ikifunguliwa inakuwa maji."

"Dada alisema..."

"Shemeji anajua vyungu. Mimi najua baridi. Huyu ametoka kufufuka juzi, mama, bado hana nguvu. Ukimfungua fungua leo, atakufa mbele ya mgeni."

"Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani!"

"Hiyo ni nyumba. Hii ni friza."

Baridi akavuta kigoda, akakaa mgongo ukiwa mlangoni kabisa. Nilikuwa nimekaa upande wangu roho juu, nguo ya watu mapajani, na nilitamani ukuta uanguke nimshike masikio. Mwanamume anaweza kuwa na haki na bado akawa mjinga. Halafu Mama Pacha akasema kwa sauti ya chini, hata nikalazimika kusogea:

"Mimi sitaki kumshinda dada. Nataka siku moja tu, mtu akikaa kwenye kiti changu, nimuulize ya baridi au ya moto. Basi. Wanawake wote wa mtaa huu wanauliza. Mimi nina mume fundi, na sijawahi kuuliza."

Kigoda kikalia chini ya Baridi. Mara nikamsikia anaongea na simu. Simu yenyewe sikuisikia ikilia, ila huwa anazima mlio akiwa na kazi.

"Halo? Nani, mwenye bucha? Eti nini? Friza yote? Na nyama imo ndani? Loo! Nakuja, nakuja."

Mama Pacha akaruka, nikasikia mwiko ukigonga ubavu wa friza. "Kompresa hii haitoki hapa! Kata mkono wangu kwanza!"

"Sichukui kitu," alisema Baridi. "Nakwenda hivi hivi. Naweza kuchelewa. Ila karatasi hiyo niikute kama ilivyo."

Mlango wa nje ulipofungwa sikungoja kugongewa ukuta. Nilipoingia kwao nilikuta sanduku la vyuma la Baridi liko pale pale chini ya meza. Fundi kwenda kwa mgonjwa bila vyuma! Nikasema moyoni kwamba hasira zimemsahaulisha. Mama Pacha alikuwa amesimama mbele ya friza, mwiko mkononi, anaikodolea karatasi macho.

"Tukiichana atajua," alisema.

"Gundi ya ngano," nikamwambia. "Mimi nimebandika karatasi za mitindo kwa gundi hiyo tangu ujana. Inaogopa mvuke. Tia birika motoni."

Hebu fikiria: mvuke wa birika unaelekezwa kwenye friza ya Fundi Baridi. Angetuona angezimia, na tungempepea na karatasi yake mwenyewe. Mimi nilishika birika, yeye alishika ncha ya karatasi kwa kucha, na ikaachia taratibu bila kuchanika. Tukafungua. Sharubati ilikuwa imeanza kushika pembeni, katikati bado majimaji. Mama Pacha akaikwangua kwa uma, akaleta pembeni katikati, akakoroga kwa nguvu, akafunga. Tukabandika karatasi kwa gundi iliyobaki kwenye kopo.

Tukaketi. Hatukuweza kuongea habari nyingine. Baada ya muda akaniangalia, nikamwangalia, birika likarudi motoni. Ikawa hivyo asubuhi nzima, na kila tulipofungua ilikuwa nzito zaidi, nyeupe zaidi, inashuka kutoka kwenye uma kwa kujivuta. Friza haikususa. Iliendelea kuguruma kama isiyojali.

Aliyesusa ni karatasi. Kwa mvuke ule wino ulitambaa, USIFUNGUE ikawa kama ukungu, na mkia wa sahihi ukapotea kabisa. Nikaandika upya herufi kwa kalamu yangu. Sahihi nilijizoeza kwanza kwa chaki kwenye suruali ya mteja niliyokuja nayo ili nionekane nina kazi. Mkia wa kwanza uliishia gotini. Mwishowe nikaipata. Ningeweza hata kwenda posta kuchukua vifurushi vyake.

Tulikuwa tumefungua mara ya mwisho, uma bado umo ndani, tuliposikia kikohozi. Baridi hana tabia ya kukohoa. Siku hiyo alikohoa tangu kona ya duka, kikohozi kirefu cha mzee wa mabaraza, akapumzika, akakohoa tena kwenye mfereji, akakohoa tena getini. Mama Pacha akavuta uma, mimi nikapiga mlango kwa nyonga, gundi, karatasi, bandika! Birika likaingia chini ya meza likiwa linatoa moshi. Baridi alipofungua mlango alitukuta tumekaa wima kama wanafunzi, na mimi nashona suruali isiyo na uzi kwenye sindano.

"Hamjambo?"

"Hatujambo."

Akaenda moja kwa moja kwa friza. Akategesha sikio, akafumba macho. Kisha akafumbua na kuiangalia karatasi. Nami ndipo nikaiona. Tulikuwa tumeibandika juu chini. Sahihi yangu nzuri, mkia na yote, ilikuwa imesimama kwa kichwa.

Baridi aliitazama karatasi, akamtazama mkewe, akalitazama na birika linalofuka chini ya meza. Kabla hajafungua mdomo, viatu vinavyolia vikasikika nje, na Dada Mkubwa akaingia na pochi yake.

Wakasalimiana, wakaulizana habari za pacha na za hotelini. Mama Pacha alikuwa anajibu kama mtu anayesoma kwa mbali. Dada akaketi, macho yake yakaanza kutembea ukutani, mezani, mpaka yakafika kwa mke mwenza, asiye na pasi kichwani leo, anaguruma. Akainamisha shingo upande kusoma.

"Shemeji, mbona hiyo karatasi imesimama kwa kichwa?"

Nilikaza macho kwenye sindano yangu.

"Za dukani nazibandika wima," alisema Baridi bila kupepesa jicho. "Za nyumbani ndivyo zinavyobandikwa." Akatoa kisu mfukoni na kuikata kwa heshima zote.

Mlango ukafunguka, ukungu ukatoka, na Mama Pacha akaitoa sufuria. Haikuwa jiwe, wala haikuwa maji. Aliichota kwenye glasi, ikakaa juu kwa kilima kidogo. Dada Mkubwa alichukua kijiko akiwa bado anaongea habari za mpishi wao mvivu. Akatia mdomoni. Habari za mpishi zikakatikia hapo, na mpaka leo sijui alifukuzwa au hakufukuzwa. Alikula kijiko baada ya kijiko, kichwa chini, akainua glasi akanywa kilichobaki, na akaisogeza ile glasi mbele. Mama Pacha akaijaza tena.

"Nani alikoroga?" aliuliza Dada katikati ya glasi ya pili. "Hii imekorogwa."

Mama Pacha akavuta pumzi, lakini mtu alibisha hodi. Ni mwenye bucha, kashika kofia ya Baridi.

"Fundi, umeisahau kwangu."

Mimi, mdomo wangu huu! Nikamuuliza, "Friza yako imepona?"

"Friza yangu? Imeumwa lini?"

"Mpeni bwana glasi," alisema Baridi haraka.

"Huyu mwenzenu leo kanishangaza," aliendelea mwenye bucha, akipokea. "Kaja kakaa kwangu asubuhi nzima, ananiuliza saa. Nikamwambia, si uende nyumbani? Akasema, siwezi, wakifungua mlango mimi nitaumwa."

Baridi aliivaa ile kofia, ndani ya nyumba, akaivuta mpaka karibu na macho. Basi hakukuwa na simu iliyopigwa wala mgonjwa. Alishindwa kusema fungua, maana neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwake, akaona bora aondoke nyumbani. Nilimpenda Baridi saa ile, nasema wazi, yeye aliyenikera kupitia ukutani miaka yote. Na nilijua pia kwamba hakuna atakayenigongea tena kuomba barafu, na hilo likaniuma kidogo, nikalinyamazisha kwa kijiko.

Mama Pacha alikuwa anamwangalia mumewe, uma wa kukorogea bado mkononi. "Nilikoroga mimi, Dada," alisema. "Fundi ndiye aliyesimamia."

Dada Mkubwa alikuwa amemaliza, ameshika shavu kwa kiganja, macho yamemtoka kidogo. Akaweka glasi mezani, tupu kabisa, akapapasa leso yake, akasema:

"Mdogo wangu, nipe maji."

Mama Pacha akasimama. Wengine hulisema lile swali wakiwa wameshageuza mgongo. Yeye hakugeuka. Alinyoosha gauni lake, akasimama mbele ya dada yake, akamwangalia usoni.

"Ya baridi au ya moto?"

Nilimwona Baridi akiacha kupumua chini ya kofia.

"Ya moto," alisema Dada Mkubwa. "Tafadhali ya moto, meno yangu yote yamekufa ganzi."

Mama Pacha aliangua kicheko. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye friza, na mwenye bucha akaanza kucheka asichokijua, na mimi machozi yakanitoka juu ya suruali ya watu. Alipotulia akaenda jikoni. Akamletea dada yake glasi ya moto, na ya baridi akaiweka kando yake, ikitoka jasho, ili tu aione.